Kumwajiri Mgeni Kihalali: Umdhamini, Umchukue Aliye na Ruhusa Yake, Umhamishe, au Afanye Kazi Akiwa Kwao?

Mwajiri anayetaka kumchukua mfanyakazi kutoka nchi nyingine huanza kwa kuuliza ada ya kibali ni kiasi gani. Ana haki ya kuuliza, ila jibu halitamsaidia sana kuchagua, kwa kuwa ada mara nyingi ni sehemu ndogo ya mzigo. Kinachotenganisha njia moja na nyingine ni ruhusa ya kufanya kazi imefungwa kwa nani. Ikiwa imefungwa kwako, serikali imekukabidhi dhamana ya mtu huyo na itakudai hesabu yake mpaka siku atakapoondoka. Ikiwa ni mali ya mfanyakazi mwenyewe, wewe unahakiki, unatunza nakala, na yanayobaki ni mahusiano ya kawaida ya kazi. Na ikiwa mtu haingii kabisa nchini mwako, sheria za uhamiaji zinakaa kando, halafu sheria za kodi na za kazi za kule aliko zinakugeukia wewe.

Nalinganisha njia hizo nikimfikiria zaidi mwajiri mdogo asiye na idara ya rasilimali watu wala mwanasheria wa kudumu. Kampuni kubwa ina watu wa kuyabeba haya. Mdogo hujikuta amechagua njia kabla hajajua kwamba alikuwa na chaguo.

Kumdhamini mtu kutoka nje

Huu ndio mfumo unaojulikana zaidi. Mwajiri ndiye anayeomba au anayeunga mkono ombi, anathibitisha kazi ipo, na kibali kinatoka kikiwa na jina lake, cheo cha mfanyakazi na mara nyingi mahali pa kazi. Nchi zinatofautiana kwenye mlango wa kuingilia, na pale mlangoni ndipo muda mwingi unapopotelea.

Ziko nchi zinazotaka kwanza uonyeshe kwamba ulitafuta mwenyeji ukamkosa. Kanada, kwa kazi nyingi, inamtaka mwajiri apate tathmini ya athari kwa soko la kazi, akiwa na ushahidi kwamba nafasi ilitangazwa na kwamba mshahara anaotoa unalingana na kazi yenyewe. Tanzania inakwenda mbali zaidi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji, yaani aeleze Mtanzania yupi atajifunza kazi hiyo na kuishika mgeni akiondoka. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyompa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa kibali cha kazi, halafu mfanyakazi anahitaji pia kibali cha ukaazi cha daraja B kutoka Uhamiaji. Ni vibali viwili kutoka mamlaka mbili, na kuwa na kimoja hakumaanishi una cha pili. Kibali cha kazi hakizidi miezi 24 kwa mara moja, na kwa mwajiriwa wa kawaida jumla yake, hata kikihuishwa, ina ukomo. Kwa hiyo anayemleta mtaalamu kwa njia hii aanze kumwandaa mrithi mwaka wa kwanza. Wengi huandika jina lolote kwenye fomu ili ombi lipite, kisha mwaka wa kuhuisha unapofika hawana cha kuonyesha.

Nchi nyingine hupima kwa mshahara. Uingereza, tangu tarehe 22 Julai 2025, kima cha jumla kwa mfanyakazi mwenye ujuzi anayedhaminiwa ni pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha kawaida cha kazi yenyewe ikiwa kiko juu zaidi, ingawa yapo makundi yenye nafuu. Kabla ya yote hayo mwajiri awe ameshapata leseni ya udhamini. Singapore hutumia alama kwa kibali chake cha wataalamu: tangu Septemba 2023 mwombaji kwa kawaida anahitaji alama 40, na kinachopimwa si mtu peke yake. Mshahara wake na elimu yake vina alama, na pia mchanganyiko wa mataifa ndani ya kampuni na uwiano wa wenyeji ulionao kulinganisha na kampuni nyingine za sekta yako. Kampuni iliyojaza wataalamu wa taifa moja inaanza ikiwa nyuma.

Marekani kuna sharti lisilokuwa mkononi mwa mtu yeyote. Viza ya wataalamu ya H-1B ina kikomo cha mwaka cha nafasi 65,000, na nyingine 20,000 kwa waliosoma shahada ya uzamili au zaidi katika vyuo vya nchi hiyo. Maombi yakizidi, hufanyika uteuzi. Mwajiri anaweza kutimiza kila kitu, akalipa wakili, na mtu wake asichaguliwe. Ukiwa na mradi unaoanza mwezi fulani, usiujenge juu ya njia ya namna hiyo.

Kupata kibali ni mwanzo tu wa udhamini. Uingereza inamtaka mdhamini atoe taarifa ndani ya siku 10 za kazi iwapo mfanyakazi hakuripoti kazini, ameacha, au amekosekana bila ruhusa kwa zaidi ya siku 10 za kazi mfululizo. Singapore, kwa wafanyakazi wa vibali vya ngazi ya chini wasio raia wa Malaysia, mwajiri anaweka dhamana ya dola 5,000 za nchi hiyo kwa kila mmoja, na kila mwezi analipa tozo ambayo ni marufuku kumkata mfanyakazi. Haya yanahitaji mtu ofisini mwenye kalenda na nidhamu. Kama huna, udhamini utakulemea hata ukiwa na pesa.

Niliangalie jambo moja kwa karibu, kwa sababu ndilo linalowanasa waajiri wenye nia njema. Chukua fundi umeme aliyeombewa kibali kama fundi wa matengenezo katika kiwanda kimoja. Anafanya kazi vizuri. Mwajiri anafurahi, anampandisha kuwa msimamizi wa ghala kwenye tawi la mji mwingine, anamwongezea mshahara na kumpa barua ya pongezi. Kwenye karatasi, mtu huyo sasa anafanya kazi ambayo haikuombewa, mahali ambapo hapakutajwa. Siku mkaguzi anapokuja ataomba kibali, mkataba na orodha ya mishahara ya mwezi uliopita. Ataviweka mezani sambamba na kusoma mstari wa cheo katika kila kimoja: fundi wa matengenezo, fundi wa matengenezo, msimamizi wa ghala. Ile barua ya pongezi, iliyotolewa kwa moyo mweupe, inageuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyeitia saini. Nchi nyingi zinazofunga kibali kwenye cheo na mahali zina utaratibu wa kuomba mabadiliko, na sharti lake karibu kila mara ni kuomba kabla ya kumhamisha.

Upande wa mfanyakazi nao uangaliwe. Aliyefungwa kwa mwajiri mmoja akipoteza kazi, saa inaanza kuhesabu. Uingereza kwa kawaida anabaki na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka, na Marekani mwenye H-1B hupewa zisizozidi 60. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2024, imeongeza hadi siku 180 mfululizo. Katika nchi za Ghuba mfumo wa kafala ulimfunga mfanyakazi kwa mwajiri kiasi kwamba hakuweza kuhama kazi, na kwingine hata kutoka nchini, bila idhini yake. Qatar iliondoa sharti la idhini ya kuhama kazi mwaka 2020, na Machi 2021 ikaanza kutumia kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wa majumbani wakiwemo.

Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia waajiri wakisema wanapenda kibali kilichofungwa, maana mfanyakazi hawezi kuwakimbia. Mimi naona wanajidanganya. Mtu anayejua kwamba akigombana nawe anaweza kupoteza kwa mpigo mmoja kazi, nyumba na haki ya kuwa nchini, hatakuambia mashine ina kasoro, hatakuambia msimamizi anaiba saa za watu, wala hatakuambia amechoka mpaka aanguke. Unachokiona kama uaminifu mara nyingi ni woga, na hasara yake inakufikia kwa mlango mwingine. Ndiyo maana sheria zinaanza kulegeza kamba. Kanada tangu 2019 inampa mfanyakazi anayenyanyaswa kibali huru cha kwenda kwa mwajiri mwingine. Umoja wa Ulaya, katika maagizo yake mapya ya 2024 kuhusu kibali kimoja cha kazi na ukaazi, umempa mfanyakazi haki ya kubadili mwajiri kwa masharti ambayo nchi wanachama zinaruhusiwa kuyaweka. Anayepanga kuajiri kwa miaka mingi ijayo apange akijua kwamba mfanyakazi ataweza kuondoka, na amtunze hivyo.

Kumchukua aliye na ruhusa yake mwenyewe

Kabla ya kuhangaika na udhamini, angalia walioko tayari nchini. Kuna wakaazi wa kudumu, wenza wa raia, wakimbizi waliotambuliwa, wanafunzi wenye ruhusa ya saa kadhaa, na raia wa nchi ambazo zina makubaliano na yako. Kwa hawa mwajiri haombi chochote. Gharama iko karibu na sifuri na mtu anaweza kuanza wiki hiyo hiyo. Ningekuwa naajiri kwa mara ya kwanza, hapa ndipo ningeanzia, na ningeacha tu baada ya kujiridhisha kwamba ujuzi ninaoutaka haupo.

Wajibu unaobaki ni kuhakiki, na kuhakiki kuna hatari mbili zinazovutana. Ya kwanza ni uzembe. Uingereza, tangu Februari 2024, faini ya kumwajiri asiye na ruhusa inafika pauni 45,000 kwa kila mtu kwa kosa la kwanza na 60,000 kwa anayerudia. Mwajiri aliyehakiki kwa utaratibu uliowekwa, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, akatunza nakala yenye tarehe, ana kinga hata ikigundulika baadaye kwamba mtu hakuwa na haki. Aliyehakiki siku tatu baada ya kazi kuanza hana kinga hiyo, hata kama nyaraka zilikuwa safi.

Hatari ya pili ni kuzidisha ukali kwa watu fulani. Marekani, tangu sheria ya 1986, kila mwajiriwa, raia na mgeni, anajazwa fomu ya I-9. Yeye anajaza sehemu yake si baada ya siku ya kwanza ya kazi, na mwajiri anakagua nyaraka ndani ya siku tatu za kazi tangu aanze. Orodha ya nyaraka zinazokubalika imeandikwa, na mfanyakazi ndiye anayechagua alete zipi. Mwajiri akimwambia mwenye lafudhi ya kigeni alete hati ya uhamiaji wakati mwenzake ameruhusiwa kuleta leseni ya udereva na kadi ya hifadhi ya jamii, huo ni ubaguzi, na una adhabu yake. Fomu nayo hutunzwa miaka mitatu tangu kuajiriwa au mwaka mmoja baada ya kuondoka, muda wowote utakaochelewa zaidi.

Kanuni ya kujilinda na hatari zote mbili ni rahisi: wakague wote, kwa utaratibu uleule, hatua ileile ya kuajiri. Na pale ruhusa inapokuwa na mwisho, andika tarehe ya kukagua tena siku hiyohiyo unayoipokea. Waajiri wengi hukamatwa kwa watu walioajiriwa kihalali kabisa, ambao ruhusa zao ziliisha kimyakimya wakiwa kazini.

Kwa wanafunzi, hesabu ya saa ina mtego. Uingereza mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na hizo ni jumla ya kazi zake zote. Akiwa na saa 12 kwa mwajiri mwingine, wewe una nane tu za kumpa. Muulize, na jibu lake uliweke kwenye maandishi.

Kuhusu wakimbizi, naomba waajiri wasome kabla ya kukataa. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 17, unazungumzia haki yao ya kuajiriwa, ingawa baadhi ya nchi ziliukubali kwa masharti. Uganda imewapa wakimbizi haki ya kufanya kazi katika Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na daraja la kibali la M kwa ajili yao. Kinachotokea ni kwamba mtu anakuja na karatasi ya ukimbizi, aliyeketi mapokezi hajawahi kuiona, anamwambia alete pasipoti. Mkimbizi mara nyingi hana pasipoti, na kumtaka aende ubalozi wa nchi aliyoikimbia ni kumrudisha mikononi mwa aliowakimbia. Mwajiri asiyeitambua karatasi hiyo aulize mamlaka husika, na aulize kabla ya kumwambia mtu hapana.

Makubaliano ya kikanda nayo hudhaniwa kuwa mapana kuliko yalivyo. Ndani ya Umoja wa Ulaya raia wa nchi moja anafanya kazi nchi nyingine bila kibali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ibara yake ya 10 inahusu uhuru wa wafanyakazi kutembea. Lakini itifaki hiyo haikufuta vibali kila mahali: kanuni zake zenyewe zinaeleza jinsi mfanyakazi wa nchi mwanachama anavyoomba kibali. Baadhi ya nchi zimefuta ada kwa raia wa wenzao, nyingine bado zinatoza. Usimwanzishe mtu kazi kwa kuwa tu ana pasipoti ya jumuiya.

Katikati ya njia hizi mbili kuna vibali ambavyo mtu hujiombea mwenyewe kwa sifa zake, kisha anatafuta kazi. Kanada tangu Januari 2015 inawachagua wahamiaji wake wengi wenye ujuzi kwa alama, na wakifika wanakuwa wakaazi wa kudumu walio huru kufanya kazi popote. Ujerumani ilianzisha kadi ya fursa tarehe 1 Juni 2024: asiye na sifa iliyotambuliwa kikamilifu anahitaji angalau alama sita, anaweza kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta kazi, na katika kipindi hicho anaruhusiwa kazi ya hadi saa 20 kwa wiki pamoja na kazi za majaribio. Kwa mwajiri mdogo hii ni nafasi nzuri mno, maana unamwona mtu akifanya kazi kabla hujaingia kwenye makaratasi makubwa.

Kumhamisha aliye kwenye tawi lako

Kama una kampuni nchi mbili, njia hii huepusha uchunguzi wa soko la kazi na bahati ya uteuzi. Masharti yake yako wazi. Marekani inataka mtu awe amefanya kazi kwenye kampuni yenu nje ya nchi mwaka mmoja mfululizo ndani ya miaka mitatu iliyopita. Meneja hukaa hadi miaka saba, mwenye ujuzi maalumu hadi mitano. Umoja wa Ulaya unaruhusu mameneja na wataalamu miaka mitatu, wanafunzi wa kazi mwaka mmoja. Anayefungua tawi jipya ili tu ampitishe mtu mmoja ajue kwamba wakaguzi wanaijua mbinu hiyo na huja kutazama kama ofisi ina meza, wateja na hesabu.

Wafanyakazi wa msimu

Mavuno hayasubiri kibali, kwa hiyo nchi nyingi zina mlango wa pembeni kwa kazi za msimu. Unachokipata ni wepesi wa idadi: mpango wa mashambani wa Marekani, H-2A, hauna kikomo cha mwaka. Unachokilipia ni malazi. Chini ya mpango huo mwajiri anawapa makazi bure wafanyakazi wasioweza kurudi kwao kila jioni, na anawahakikishia kazi ya angalau robo tatu ya siku za kazi zilizoandikwa kwenye mkataba. Mvua ikiharibu mazao, mwajiri anaweza kuruhusiwa kuvunja mkataba mapema, lakini dhamana hiyo inabaki kwa muda uliokwisha kupita. Umoja wa Ulaya, kwa maagizo ya 2014, unaruhusu kati ya miezi mitano na tisa ndani ya kila miezi 12, kwa uamuzi wa kila nchi. Pale mwajiri anapotoa nyumba kwa kodi, kodi hiyo isiwe ya kupindukia ikilinganishwa na mshahara, na isikatwe moja kwa moja kwenye mshahara huo.

Sharti hilo la mwisho lina sababu. Mshahara mzuri kwenye tangazo unaweza kuliwa wote na kitanda, usafiri na chakula ambavyo mfanyakazi hakuwa na uwezo wa kuvikataa. Mwajiri anayelinganisha gharama za njia hii na nyingine aweke nyumba ya heshima kwenye hesabu tangu mwanzo. Kama hesabu haikubali bila kuwabana watu kumi chumba kimoja, biashara hiyo haina uwezo wa kutumia njia hii.

Kumwacha afanye kazi akiwa kwao

Tangu janga la korona waajiri wengi wamegundua kwamba hawahitaji kumhamisha mtu. Hakuna kibali, hakuna tiketi, hakuna udhamini. Urahisi huo ni wa kweli upande wa uhamiaji. Upande wa pili kuna mambo matatu.

La kwanza ni sheria ya kazi. Kanuni iliyoenea ni kwamba mfanyakazi analindwa na sheria ya mahali anapofanyia kazi kwa kawaida. Ndani ya Ulaya imeandikwa wazi: mnaweza kuchagua sheria ya nchi nyingine kwenye mkataba, lakini uchaguzi huo haumnyang'anyi ulinzi wa lazima wa sheria ya pale anapofanyia kazi. Mkataba wako ukisema likizo ni siku 10 na sheria ya kwao inasema 20, ni 20.

La pili ni kodi na hifadhi ya jamii. Mikataba mingi ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili hutumia kipimo cha siku 183, na watu hukitaja kama ruhusa ya jumla. Kipimo hicho kinamhusu anayekwenda nchi nyingine kwa muda, na kina masharti mengine mawili yanayohusu nani anamlipa na gharama inabebwa wapi. Mtu anayeishi kwao mwaka mzima hahusiki nacho. Zaidi ya hapo, mfanyakazi mwenye mamlaka ya kufunga mikataba kwa niaba yako anaweza kuifanya kampuni yako ihesabiwe kuwa na makao ya biashara nchini humo, na hapo faida yako inaanza kudaiwa kodi huko. Mwandishi wa programu anayefanya kazi kimya nyumbani kwake ana hatari ndogo kuliko mtu wa mauzo.

La tatu ni kishawishi cha kumwita mkandarasi. Analeta ankara kila mwezi, unamlipa, mambo yamekwisha. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la 2006, linaeleza kile ambacho mahakama nyingi hufuata: hali halisi ya kazi ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye mkataba. Kama unampangia saa, unampa vifaa, hana mteja mwingine na anaomba ruhusa ya kwenda likizo, huyo ni mwajiriwa, na siku mkitengana anaweza kudai yote ambayo hukumlipa. Kati ya mkandarasi wa jina na kufungua tawi kuna njia ya kutumia kampuni ya kati iliyosajiliwa nchini kwake, ambayo inamwajiri rasmi, inakata kodi na michango, kisha inakudai wewe. Kwa mtu mmoja au wawili, ada yake mara nyingi ni nafuu kuliko kujisajili mwenyewe. Ila angalia kama sheria za huko zinairuhusu, kwa sababu ziko nchi zinazolihesabu jambo hilo kuwa ukodishaji wa wafanyakazi unaohitaji leseni, au zinazouwekea kikomo cha muda.

Na anayefanya kazi kwao akikuomba aende kufanyia nchi ya tatu kwa miezi michache, usiseme ndiyo haraka. Viza ya utalii katika nchi nyingi hairuhusu kazi. Estonia ilianzisha viza ya wanaofanya kazi kwa mbali mwaka 2020 na nchi nyingine zimefuata, kwa hiyo mwelekeze huko.

Wakala

Yoyote kati ya njia za kumleta mtu inaweza kupitia kwa wakala. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama. Linganisha mawakala kwa kipimo hicho kabla ya kulinganisha bei zao. Wakala anayekuambia huduma yake kwako ni bure amepata fedha yake kwingine, na mahali pekee palipobaki ni kwa mfanyakazi, ambaye huenda ameuza shamba la familia au amekopa kwa riba. Anafika kwako tayari ana deni. Muulize mwenyewe, wakala akiwa hayupo, kwa lugha anayoielewa: umemlipa nani mpaka ukafika hapa, na bado unadaiwa kiasi gani? Swali hili liulizwe kabla ya kusaini, na likiulizwa tena mwezi wa kwanza majibu huwa ya wazi zaidi.

Kwa wafanyakazi wa majumbani kuna Mkataba namba 189 wa 2011. Unataka anayeletwa kutoka nchi nyingine apate ofa au mkataba wa maandishi kabla ya kuvuka mpaka, na unampa haki ya kukaa na hati zake za kusafiria. Familia inayomtafuta msaidizi kutoka nje ni mwajiri kamili mbele ya sheria, hata kama kila mtu nyumbani anamwita dada.

Yasiyobadilika popote

Hati ya kusafiria ya mfanyakazi haikai kwenye kabati la mwajiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 kuhusu wafanyakazi wahamiaji, ulioanza kutumika Julai 2003, unasema ni kinyume cha sheria kwa mtu yeyote asiye ofisa wa umma mwenye mamlaka kutwaa hati hizo. "Nazitunza zisipotee" si sababu. Mnunulie kisanduku chenye ufunguo wake.

Mshahara na masharti ya kazi visiwe chini ya vya mwenyeji anayefanya kazi ileile. Huo ndio msingi wa Mkataba namba 97 wa 1949, na sheria nyingi za nchi zimeubeba.

Na aliyefanya kazi alipwe, hata kama kibali chake kilikuwa na dosari. Mkataba namba 143 wa 1975 unalinda haki zilizotokana na kazi iliyokwisha kufanyika. Umoja wa Ulaya katika maagizo ya 2009 umeweka dhana kwamba asiye na kibali alifanya kazi angalau miezi mitatu, isipokuwa mwajiri au mfanyakazi athibitishe vinginevyo, na mwajiri anadaiwa malimbikizo yote. Hesabu ya "hana karatasi, ataenda kulalamika wapi" haikubaliki kisheria, na ni dhuluma.

Baki na kifungu kimoja ambacho waajiri wengi hukiacha wazi: safari ya kurudi. Kwa H-1B, mwajiri anayemwachisha mtu kazi kabla ya muda wa kibali kwisha analipa gharama zinazofaa za kumrudisha kwao. Kanada huwabebesha waajiri wa kazi nyingi za mshahara mdogo nauli ya kwenda na kurudi. Kwingine sheria iko kimya. Andikeni kwenye mkataba nani analipa tiketi akiachishwa, akiacha mwenyewe, akiugua au akifiwa, na muda wa kulipa mshahara wa mwisho uwe kabla ya tarehe ya safari, apokee fedha yake akiwa bado yupo nchini na anaweza kuihesabu.